Je, Wajua? Kihispania cha Mezani

Je, wajua kwamba ukisoma orodha ya vyakula ya Kihispania kwa ulimi wa Kiswahili, mhudumu atakuelewa? Irabu zao ni tano, a, e, i, o, u, na hutamkwa karibu sawa na zetu. Neno likiishia kwa irabu, mkazo kwa kawaida huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, kama katika "meza" na "chakula". Sopa, tomate, patata: soma ulivyoona. Yamebaki machache ya kushika. H huwa kimya. Ñ ni ny ya nyanya. J ni kh ya kheri, hivyo "ajo", kitunguu saumu, hutamkwa akho. Qu ni k, kwa hiyo "queso", jibini, ni keso. Z ya Madrid ni th ya thelathini, na ya Meksiko ni s.

Kwamba "mesa" yao na meza yetu ni ndugu? Yetu tuliipata kwa Wareno, waliofika pwani hii na Vasco da Gama mwaka 1498, na Kireno na Kihispania vyote vimezaliwa na Kilatini. Kwa njia hiyohiyo mvinyo unakutana na "vino", na kopo linakutana na "copa", bilauri yenye mguu. Karata nazo zimetokana na "carta" ya Kireno, yaani barua au kadi. Ukiketi mkahawani Uhispania, sema "La carta, por favor", na utaletewa orodha ya vyakula.

Kwamba usiseme "el menú" ukitaka orodha hiyo? Hapa wageni wengi huteleza. Uhispania, "menú" mara nyingi ni mlo uliokwisha kupangwa kwa bei moja, "menú del día". Unachagua sahani ya kwanza, "primero", labda supu, saladi au dengu. Kisha "segundo", nyama au samaki. Halafu "postre", kitu kitamu au tunda. Mkate na kinywaji kwa kawaida vimo ndani ya bei. Utaratibu huu ulianza miaka ya 1960, enzi za dikteta Franco, serikali ilipoagiza mikahawa iwe na mlo wa bei nafuu kwa watalii. Watalii wamekuja na kuondoka, na wafanyakazi wa ofisini na mafundi ndio walioushika mpaka leo. Meksiko mlo kama huo huitwa "comida corrida", na utaupata kwenye "fonda", vijikahawa vya akina mama vinavyomkumbusha Mtanzania mamantilie wake. Kwa maoni yangu, mgeni mwenye njaa na fedha za kuhesabu aanze na menú del día kabla ya kufungua carta.

Kwamba Kiarabu kimetulisha sisi na wao kutoka chungu kimoja? Waislamu waliingia Uhispania mwaka 711, na Granada, dola lao la mwisho, ilianguka mwaka 1492. Katika karne hizo zote jikoni palijaa maneno. Sukari ni "azúcar". Zafarani ni "azafrán". Zeituni ni "aceituna". Ile a ya mwanzoni ni kiambishi cha Kiarabu, al, kilichoganda kwenye neno na kuachwa hapo. Linalonifurahisha zaidi ni "albóndigas", vidonge vya nyama ya kusaga ndani ya mchuzi. Asili yake ni "bunduq" ya Kiarabu, kokwa dogo la mviringo, ambalo baadaye lilimaanisha kitu chochote cha umbo hilo, pamoja na gololi za kurushwa kwa silaha. Kutoka gololi jina likahamia kwenye silaha yenyewe, na likatufikia sisi kama bunduki. Vidonge vya nyama na bunduki, ukoo mmoja.

Kwamba "desayuno", kifungua kinywa, maana yake ya asili ni kuondoa saumu? "Ayuno" ni kufunga. "Des" ni kutengua. Anayefuturu Ramadhani atalishika neno hili mara moja.

Na saa za kula? Uhispania chakula cha mchana huanza saa nane, na cha usiku saa tatu au baadaye. Ukifika saa moja jioni utakuta jiko limefungwa. Wachile wana mlo wa jioni wa chai, mkate na parachichi uitwao "once", yaani kumi na moja. Kwa saa zetu za Kiswahili jina hilo limekaa mahali pake kabisa, kwani wengi huanza kuuandaa kuanzia hapo saa kumi na moja jioni.

Kwamba mhudumu ana jina tofauti karibu kila nchi? Uhispania ni "camarero". Meksiko na Kolombia ni "mesero", mtu wa meza. Ajentina na Peru ni "mozo", Chile ni "garzón". Wameksiko humwita "joven", kijana, hata akiwa na mvi, jinsi sisi tunavyoita "kaka" au "dada" bila kuuliza umri. Usipokuwa na hakika, "perdone", samahani, inatosha popote.

Kwamba Mkolombia akitaka kahawa husema "¿Me regala un café?", yaani, unanizawadia kahawa? Hakuna anayedhani ni ya bure, atalipa. Ni adabu tu, na Mtanzania anayesema "naomba chai" hali pesa iko mfukoni anaielewa barabara. Wakosta Rika nao husema hivyo. Mhispania ana haraka zaidi: "¿Me pone un café?", unaniwekea kahawa? Wa Ulaya akishangaa neno "regala", wewe huna sababu ya kushangaa.

Kwamba kwa asiyekula nguruwe, sentensi tatu zina thamani kuliko kamusi nzima? Ya kwanza: "No como cerdo", sili nguruwe. Ya pili: "¿Lleva cerdo?", ambayo neno kwa neno ni "imebeba nguruwe?", nayo hutamkwa yeba therdo Madrid, yeba serdo Meksiko. Ya tatu: "¿Lleva vino?", kwa kuwa nyama nyingi za mchuzi hupikwa kwa mvinyo. Ziulize hata kwa maharagwe na mboga za majani, kwani Uhispania vipande vya "jamón", paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, hutupiwa humo kama kiungo. Ukisema tu "sin carne", bila nyama, unaweza bado kuletewa jamón au samaki jodari, maana wapo wapishi ambao kwao "carne" ni lile pande la nyama lenyewe. Taja jina la mnyama.

Lichunge pia neno "manteca". Uhispania na Meksiko ni mafuta ya nguruwe. Ajentina ni siagi ya kupaka mkate. Mkate mtamu wa Mallorca uitwao "ensaimada" umepewa jina kutokana na "saïm", mafuta ya nguruwe kwa lugha ya huko, na ndani yamo. Kinyume chake, kitindamlo cha "tocino de cielo", nyama ya mafuta ya nguruwe ya mbinguni, hakina nguruwe hata chembe: ni viini vya mayai, sukari na maji. Jina linatisha, sahani haina hatia.

Kwamba karanga zina majina matatu, na mwenye mzio anapaswa kuyajua yote? "Cacahuete" Uhispania, "cacahuate" Meksiko, "maní" Amerika Kusini na visiwa vya Karibi. Mwanamume husema "soy alérgico", mwanamke "soy alérgica". Andika kwenye karatasi umpe mhudumu aipeleke jikoni; sauti hupotea katika kelele za mkahawa.

Kwamba moto wa pilipili na moto wa chungu kwao haviunganishwi? Wa chungu ni "caliente". Wa pilipili ni "picante". Uliza "¿Pica?", inawasha? Uhispania jibu la kawaida ni hapana, isipokuwa pilipili ndogo za kijani za Padrón, ambazo nyingi ni pole na moja moja huchoma ghafla. Mmeksiko akijibu "poquito", kidogo, weka maji karibu.

Kwamba "un tinto" mjini Bogotá ni kahawa isiyo na maziwa, na mjini Madrid ni mvinyo mwekundu? Neno ni lile lile. Asiyekunywa pombe alikariri kabla ya safari.

Kwamba mjini Buenos Aires wanakula "posho"? Kuku ni "pollo". Sehemu nyingi hutamkwa poyo, lakini pembeni mwa mto La Plata herufi mbili za l hugeuka sh, na kuku akawa posho. Mganda aliyezoea posho ya mahindi na Mtanzania anayesubiri posho ya safari watageuza shingo pamoja. Katika mji huohuo mahali pa kuchomea nyama ni "parrilla", nao hutamka parisha, na nyama choma yenyewe, pamoja na kikao chote cha kuila, ni "asado". Wapo wanaoipenda nyama ikiwa na majimaji ya damu katikati. Ukiitaka iive kama tulivyoizoea sisi, sema "bien cocida". Uhispania sema "muy hecha".

Kwamba kamba wa baharini Uhispania huitwa "gamba"? Sauti zimekutana kwa bahati tu. "Gambas al ajillo" ni kamba waliokaangwa kwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu, na huletwa mezani mafuta yakiwa bado yanachemka. Amerika ya Kihispania kamba ni "camarón", na ndugu wa Kireno wa neno hilo ndiye aliyeipa Kameruni jina, mabaharia walipokuta kamba wengi mtoni. Pweza je? "Pulpo". Wa Galisia, Uhispania, hukatwa vipande kwa mkasi, hunyunyiziwa chumvi ya mawe na pilipili nyekundu ya unga, na huletwa juu ya sahani ya mti.

Kwamba tangu mwaka 2022 sheria ya Uhispania inaitaka mikahawa ikupe maji ya bomba bure ukiyaomba? "Agua del grifo, por favor." Ukisema "agua" peke yake, kuna uwezekano mkubwa wa kuletewa chupa, nayo utailipia.

Kwamba ukoko una heshima yake kule? Hapa nataka kukaa kidogo. Nyumba nyingi za pwani zimesikia ugomvi wa watoto juu ya ukoko wa wali, nani akwangue sufuria. Wavalencia wa Uhispania wana ugomvi huohuo juu ya "socarrat", ukoko wa paella. Paella yenyewe, kwa lugha ya Valencia, maana yake ni kikaango. Chakula kimechukua jina la chombo. Kikaango hicho ni kipana na kifupi makusudi, ili wali ulale tabaka jembamba, ukauke, na ule wa chini ushike chuma bila kuungua. Mpishi wa kweli husikiliza: maji yakiisha, wali huanza kulia kwa mlio mkavu, naye anajua socarrat inafanyika. Ukipewa paella isiyo na ukoko, umepewa wali wa rangi tu. Na ng'ambo ya bahari kila nchi imeupa ukoko jina lake: "pegao" Puerto Rico, "concón" Jamhuri ya Dominika, "raspa" Kuba, "cocolón" Ekuado, "concolón" Panama na Peru. Watu hawakibatizi kitu wasichokipenda.

Kwamba mhudumu wa Uhispania hakuletei hesabu mpaka uiombe? Hajakusahau. Kuiweka mezani bila kuombwa ni kama kukwambia ondoka. Muda wa kukaa baada ya kula, vyombo vikiwa mbele yenu na mazungumzo yakiendelea, una jina lake, "sobremesa", na siku ya Jumapili unaweza kudumu saa mbili au tatu. Ukiwa tayari, "La cuenta, por favor", la kwenta.

Na bakshishi? Ni "propina", neno lililopitia Kilatini kutoka Kigiriki, ambako lilihusu kunywa kwa ajili ya afya ya mwenzako. Halikai mbali na yetu tunapompa mtu "hela ya soda". Kolombia, kwa sheria ya mwaka 2018, propina ni hiari, na mhudumu lazima akuulize kabla ya kuiongeza kwenye hesabu. Peru, propina ni pia zile senti ambazo mzazi humpa mtoto.

Kwamba mgeni usiyemjua akipita karibu na meza yako Meksiko atakwambia "provecho", chakula kikufae? Uhispania husema "que aproveche". Kwetu anayekula ndiye husema "karibu". Kwao anayepita ndiye huanza. Jibu "gracias", naye ataendelea na safari yake.

Na kwamba mbaazi zimekutangulia kufika? Puerto Rico huitwa "gandules", Panama "guandú". Ukiwa Panama, hasa upande wa Karibi, agiza "arroz con guandú y coco". Utaletewa wali uliopikwa kwa tui la nazi, mbaazi ndani yake. Concolón uombe mapema, kabla meza ya jirani haijaumaliza.