Sabuni Mpya Wodini: Ushahidi Uko Wapi?

Mwaka 1992 watafiti wa Iowa, Marekani, walichapisha utafiti ambao kila anayetaka kubadilisha sabuni ya hospitali angepaswa kuusoma hadi mwisho. Katika wodi tatu za wagonjwa mahututi, wahudumu walinawa kwa klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu, mwezi mmoja. Mwezi uliofuata walitumia spiriti, na sabuni ya kawaida kwa aliyeitaka. Walipokezanisha hivyo kwa miezi minane. Kati ya wagonjwa 1,894, maambukizi ya hospitalini yalikuwa 152 katika miezi ya klorheksidini na 202 katika miezi ya spiriti.

Muuzaji wa klorheksidini ataishia hapo. Lakini utafiti huohuo unaeleza kwamba klorheksidini ilipokuwepo wahudumu walinawa mara 42 katika kila 100 walizopaswa. Kwa spiriti, mara 38. Tena kiasi cha spiriti na sabuni kilichotumika hakikufika hata nusu ya kile cha klorheksidini. Sasa kilichowakinga wagonjwa ni dawa yenyewe, au ni kwamba ilitumika zaidi? Takwimu hizo hazitoshi kutenganisha mawili hayo.

Ndiyo maana chupa iliyoandikwa "huua asilimia 99.9 ya vijidudu" hainitoshi. Vimeuawa wapi? Kwenye kisahani cha maabara, au mikononi mwa nesi aliyetoka kubadilisha bandeji? Na je, wagonjwa waliopata usaha kwenye vidonda walipungua? Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilipiga marufuku triklosani na viambato vingine 18 vya kuua vijidudu katika sabuni za matumizi ya kawaida, kwa kuwa watengenezaji walishindwa kuthibitisha kwamba zinaishinda sabuni ya kawaida na maji. Sabuni za hospitali hazikuguswa na amri hiyo.

Katika hospitali moja ya Geneva, Uswisi, timu ya daktari Didier Pittet iliweka vitakasa mikono vya spiriti kando ya vitanda, ikabandika mabango, na uongozi ukaunga mkono. Kati ya 1994 na 1997 unawaji ulipanda kutoka asilimia 48 hadi 66, na wagonjwa wenye maambukizi wakapungua kutoka asilimia 16.9 mwaka 1994 hadi 9.9 mwaka 1998. Hapakuwa na hospitali ya kulinganisha nayo, hilo ni pengo. Hata hivyo naiamini njia hiyo, maana kujipaka spiriti huchukua sekunde 20 hadi 30, na kunawa kwa maji 40 hadi 60, ukishalifikia bomba.

Lakini mgonjwa akiharisha kwa bakteria wa Clostridioides difficile, spiriti haiui mbegu zake. Hapo ni sabuni na maji yanayotiririka. Kamati ya manunuzi isiziondoe sabuni za kawaida kwenye masinki, na kabla ya kusaini iwaulize manesi kama dawa mpya inawapasua ngozi.