Mwanafunzi na Hesabu za Serikali za Miaka Mingi

Mwanafunzi wa uchumi au historia anayekusudia kuandika tasnifu juu ya fedha za umma za Tanzania hukutana kwanza na hotuba ya bajeti, ambayo Waziri wa Fedha huisoma bungeni kila Juni kabla ya mwaka wa fedha kuanza tarehe 1 Julai, na kwa kuwa hotuba hiyo ni ya Kiswahili na hupatikana kwa urahisi, wengi huichukua kuwa ndiyo kumbukumbu ya yaliyotendeka. Sivyo. Hotuba hutoa makadirio, yaani kiasi ambacho Serikali inatarajia kukusanya na kutumia, ilhali matumizi halisi hujulikana baada ya mwaka kwisha, hesabu zikafungwa na kukaguliwa na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye ofisi yake imewekwa na ibara ya 143 ya Katiba. Anayelinganisha makadirio ya mwaka mmoja na matumizi halisi ya mwaka mwingine huona ongezeko ambalo pengine halikutokea kamwe.

Ugumu huzidi utafiti unaporudi nyuma miongo kadhaa. Vitabu vya makadirio vya Tanganyika ya kikoloni viliandikwa kwa pauni, ambayo ilikuwa sawa na shilingi 20, na hadi Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, reli, bandari na posta ziliendeshwa kwa pamoja na nchi tatu, kwa hiyo gharama zake hazionekani ipasavyo katika vitabu vya taifa moja. Mtafiti asiyelijua hilo anaweza kudhani kuwa Serikali ilianza ghafla kuzigharimia huduma hizo kutokana na sera mpya, kumbe zilihamishwa tu kutoka kitabu kimoja kwenda kingine.

Mtego mkubwa kuliko yote, hata hivyo, umo katika pato la taifa, yaani thamani ya bidhaa na huduma zote zinazozalishwa nchini kwa mwaka, kwa sababu kodi, nakisi na deni kwa kawaida hutajwa kama asilimia ya pato hilo. Mwezi Desemba 2014 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilitoa makisio mapya yaliyotumia 2007, badala ya 2001, kuwa mwaka wa kizio, yaani mwaka ambao bei zake hutumika kupima thamani ya miaka mingine, nayo yakaonyesha kuwa uchumi ulikuwa mkubwa zaidi kwa karibu theluthi moja kuliko ilivyodhaniwa. Papo hapo uwiano wa kodi kwa pato ukashuka, ingawa hakuna mlipakodi aliyepunguziwa hata shilingi moja. Mwaka 2019 kizio kikabadilishwa tena kuwa 2015. Mwanafunzi anayeunganisha namba za mifululizo hiyo bila kuzioanisha, na wako wengi, huishia kuieleza historia ya takwimu akidhani anaeleza historia ya nchi.

Deni nalo linahitaji uangalifu, kwani katika taarifa za Benki Kuu deni la taifa hujumuisha hata mikopo ya nje ya sekta binafsi, wakati deni la Serikali halijumuishi mikopo hiyo. Aidha, kupungua kwa deni la nje mwaka 2006 kulitokana na msamaha wa wakopeshaji wa kimataifa, wala si na malipo yaliyotoka hazina.

Kwa hiyo msaada ambao mwanafunzi anauhitaji zaidi si jedwali lililokwisha kuandaliwa, ambalo huficha maamuzi yote ya aliyeliandaa. Wahadhiri wawapeleke wanafunzi wao katika Kumbukumbu za Taifa na katika mkusanyo wa Afrika Mashariki wa maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wawaweke mbele ya kitabu cha makadirio na ripoti ya ukaguzi ya mwaka uleule, na wasipokee jedwali lolote ambalo kila safu yake haikutaja chanzo, mwaka wa kizio, na kama namba zake ni za makadirio au ni halisi.