Nasaba na Jina la Ukoo: Mfano wa Wasomali wa Kutulo

Majina ya watu ni sehemu ya lugha, na kila jamii ina kanuni zake za kuyapanga. Makosa hutokea pale kanuni ya jamii moja inapofanywa kipimo cha nyingine. Mfano ulio wazi unapatikana kwa Wasomali wa Kutulo na sehemu nyinginezo za kaskazini mashariki mwa Kenya.

Kwa desturi, Msomali hana jina la ukoo lisilobadilika. Ana jina lake, likifuatwa na la baba, kisha la babu mzaa baba. Mathalani, Abdi Hassan Nur akipata mwana akamwita Farah, mwana huyo atakuwa Farah Abdi Hassan. Na bintiye Farah, tuseme Halima, atakuwa Halima Farah Abdi. Katika vizazi vitatu jina la mwisho limekuwa Nur, kisha Hassan, kisha Abdi, ilhali nasaba ni moja. Halima akiolewa habadili jina, kwani ndoa haimtoi katika nasaba ya baba yake.

Majina hayo matatu ni kipande tu cha mnyororo mrefu uitwao abtirsi, yaani kuwahesabu baba. Mtoto hufundishwa kuwataja kwa ghibu, mmoja baada ya mwingine, hadi kwa mwasisi wa ukoo. Wageni wawili wakikutana kisimani, huhesabu mpaka wafikie jina wanaloshiriki. Hapo hujua udugu wao na wajibu unaoandamana nao, ukiwamo wa kuchangiana dia.

Wahispania nao waliwahi kuwa na kanuni inayokaribiana na hiyo. Fernández maana yake ya asili ni mwana wa Fernando. Lakini jina hilo liliganda likawa la ukoo, hata Fernández wa leo huenda baba yake ni Pedro. Mhispania hubeba majina mawili ya namna hiyo, la upande wa baba na la upande wa mama, na atafutaye asili yake hupekua daftari za kanisa na za serikali. Wa Kutulo hupekua kumbukumbu.

Tatizo huzuka kumbukumbu hiyo inapofikishwa ofisini. Karani akilidhania jina la mwisho kuwa la ukoo, baba na mwana huonekana si jamaa. Tahajia nayo huongeza utata: mwandiko rasmi wa Kisomali, uliopitishwa Somalia mwaka 1972, una Faarax na Xasan, ambapo vyeti vya Kenya vina Farah na Hassan.

Jambo hili si dogo. Mwaka 1989 Serikali ya Kenya iliamuru Wakenya wa asili ya Kisomali wachujwe ili kuthibitisha uraia wao. Kwa miaka mingi baadaye vijana wa kaskazini mashariki waliendelea kuhojiwa asili yao kabla ya kupewa kitambulisho, hadi Rais alipotangaza kukomeshwa kwa mchujo huo Februari 2025. Aliyeweza kuwataja baba zake ishirini aliweza kukwamishwa na herufi moja.

Dawa ya utata huu ni nyepesi: fomu iulize jina la mtu, la baba yake na la babu yake, kila moja mahali pake, wala isimlazimishe mtu kuwa na jina la ukoo ambalo lugha yake haikumpa.