Jeki ya Utingo na Rola ya Kiwandani

Trekta la miwa likipata pancha kwenye barabara ya Mumias kwenda Bungoma, hapo Mayoni, utingo hatafuti wanaume kumi wa kumsaidia kuinua. Anachomoa jeki ya mafuta, chuma kifupi kisichofika goti, anaitega chini ya ekseli ya trela, kisha anaanza kupiga mpini juu na chini. Pigo moja halionyeshi kitu, wala la pili. Ukigeuka kununua mahindi ya kuchoma na kurudi, tairi limeshaachana na lami.

Ndani ya jeki hiyo mna mafuta na pistoni mbili: nyembamba inayosukumwa na mpini, na nene inayobeba mzigo. Hewa ukiibana hukubali kusinyaa. Mafuta hukataa, na msukumo unaoyapata unaenea kwa kipimo kilekile katika kila sehemu ya chombo. Mfaransa Blaise Pascal aliieleza kanuni hii katika maandishi yaliyochapishwa mwaka 1663, yeye akiwa ameshafariki.

Tupige hesabu. Pistoni ndogo ina kipenyo cha sentimita 1, kubwa sentimita 5. Eneo la duara hukua kwa kipenyo kuzidishwa kwa chenyewe, kwa hiyo uso wa pistoni kubwa si mara 5 ya ule mdogo, ni mara 25. Utingo akikandamiza mpini kwa uzito wa kilo 20, na urefu wa mpini ukamzidishia mara 15, pistoni ndogo inapokea kilo 300. Ile kubwa inainua kilo 7,500. Tani saba na nusu, kwa mkono wa kijana mmoja!

Malipo yake ni mwendo. Pistoni ndogo ikishuka sentimita 2.5, kubwa inapanda milimita 1 tu. Kuinua ekseli sentimita 10 ni mapigo 100, na ndiyo maana jasho linamtoka utingo hata kama mkono haumwumi. Ukiambiwa kuna jeki inayoongeza nguvu bila kudai mwendo, usiinunue.

Katika mfano wetu, kila sentimita mraba ya mafuta imebeba karibu kilo 380. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa kama kilo 2 hivi kwa eneo hilohilo. Kwa hiyo nawasihi mafundi na madereva: mpira wa haidroliki ukivuja, usipapase kwa kidole kutafuta tundu. Mafuta yanayochuruzika kwa msukumo mkubwa hutoboa ngozi na kuingia mwilini, na kidonda kinachoonekana kama cha sindano kinaweza kumpotezea mtu mkono. Pitisha kipande cha kadibodi, na ukichomwa nenda hospitali saa hiyohiyo. Wala usiingie chini ya trela lililoshikwa na jeki peke yake, weka magogo.

Kuvuja ndiko kulikomtesa Mwingereza Joseph Bramah, aliyepata hataza ya mashine ya kukandamiza kwa maji mwaka 1795. Pistoni ikibanwa sana haisogei, ikilegezwa maji yanapenya. Dawa, ambayo fundi wake Henry Maudslay ndiye anayetajwa kuigundua, ilikuwa ngozi iliyokunjwa kama kikombe: maji yakisukuma, kingo zake zinatanuka na kubana ukuta wa silinda. Msukumo wenyewe ndio unaoziba njia yake. Sili za mpira katika jeki za leo zinafanya kazi hiyohiyo.

Sasa fuata trela hadi kiwandani. Kampuni ya Sukari ya Mumias ilianza kusaga miwa mwaka 1973, na wakulima wengi wa upande huu wa Matungu wamelea watoto kwa miwa. Kwenye kinu kikubwa cha miwa, rola ya juu haikufungwa kwa bolti ikatulia. Ncha zake mbili zinakandamizwa na pistoni za mafuta, na nyuma ya mafuta kuna chupa yenye gesi ya nitrojeni. Mafuta hayabanwi, gesi inabanwa. Hapo rola inapata nafasi ya kupumua. Miwa ikija nene inapanda kidogo, ikija nyembamba inashuka, na mgandamizo haubadiliki sana. Kipande cha chuma kikijichanganya na miwa, rola inaweza kukipisha badala ya kuvunjika meno. Vinu vidogo vya sukari guru, ambavyo rola zake zimekazwa kwa skrubu, havina upole huo.

Kwangu mimi hapo ndipo haidroliki inapopita parafujo yoyote: inakandamiza kwa tani nyingi na bado inajua kupisha. Ndiyo maana msimamizi wa kinu hukodolea macho kipimo cha kupanda kwa rola. Kikiganda pale pale zamu nzima, rola imekwama au imejilalia tu, na maji ya miwa ya mkulima yanakwenda na makapi kwenye tanuri la bwela.