Maji ya Ubongo (3): Fundi wa Philadelphia na Tone la Damu

Oktoba 25 ni Siku ya Mgongo Wazi na Kichwa Kikubwa Duniani, nayo hutukumbusha watoto wenye hali hizo. Safari hii mazungumzo yamefika kwenye damu: watafiti wanataka kupima humo majeraha ya ubongo. Kichwa kikubwa hapa ni kile kinachojaa maji ya ubongo.

Kwanza nimtaje John Holter, ambaye sichoki kumsimulia. Novemba 1955, huko Philadelphia, Marekani, mwanawe Casey alizaliwa na mgongo wazi, kisha kichwa kikajaa maji. Holter hakuwa daktari, alikuwa fundi mitambo. Daktari Eugene Spitz alimweleza kinachomsumbua: mpira wa kuteremsha maji kuelekea moyoni hauna kilango kizuri, damu inapanda na kuuziba. Fundi akaenda kujifungia na vifaa vyake nyumbani. Alichotoa ni mpasuo mwembamba kwenye silikoni laini. Maji yakisukuma, midomo yake hufunguka. Msukumo ukipungua, hujifumba. Kati ya vilango viwili vya namna hiyo kuna kipande cha mpira ambacho daktari hukibonyeza juu ya ngozi ili ajue kama njia i wazi. Mwaka 1956 kifaa hicho, vali ya Holter, kikaanza kutumika, na aliyetangulia kuwekewa alikuwa mtoto wa mtu mwingine, maana Casey alikuwa hoi.

Yote hayo kwa sababu daktari alikubali kuzungumza na mzazi! Nimeketi kwenye benchi la kliniki nikasikia mama akikatizwa kwa ukali. Alikuwa anaeleza kwamba kofia aliyomfumia mwanawe mwezi uliopita haiingii tena. Kofia ile ilikuwa kipimo, na kumnyamazisha aliyeileta ni dhambi.

Hata hivyo, kofia na futi kamba hupima fuvu tu, si hali ya ubongo wenyewe. Kule Mbale, Uganda, watoto 100 wenye kichwa kikubwa waligawanywa: wengine wakawekewa mpira wa kuteremsha maji, wengine wakatobolewa njia ya maji ndani ya ubongo kwa kamera. Matokeo yaliyotolewa 2017 yalionyesha kuwa baada ya miezi 12 makundi hayo hayakutofautiana kiakili. Mwaka mzima wa kungoja jibu!

Hapo ndipo damu inapotakiwa, ili jibu lije mapema. Uzi wa neva ukijeruhiwa huvujisha protini iitwayo nurofilamenti nyepesi. Seli zinazoutegemeza huvujisha protini nyingine, GFAP. Kiasi kinachofika kwenye damu huhesabiwa kwa pikogramu, yaani sehemu za trilioni za gramu, na mashine za kukinasa ni ghali. Tena kiwango cha kawaida hubadilika na umri, na kisu cha daktari chenyewe hukipandisha. Ndiyo maana sindano moja haitoshi: damu ichukuliwe kabla ya upasuaji, kisha tena jeraha la kisu likishatulia, na mtoto alinganishwe na yeye mwenyewe.