Avoka Mmoja, Viti Viwili

Sisi tunaokaa karibu na mine tunazoea kuuliza: sosiete ni ya nani? Tuulize tena: nani anaandika sheria ya moshi na ya maji?

Tutazame avoka mmoja wa Marekani, Andrew Wheeler. Babu yake alichimba makaa ya mawe. Yeye alisoma sheria, na toka 1991 mpaka 1995 alitumika katika EPA, biro ya serikali yenye kulinda mazingira. Kisha akatumika miaka mingi katika Seneti. Mwaka 2009 akaingia katika biro ya maavoka, akitetea sosiete mbele ya wakubwa wa serikali, kati yao Murray Energy, yenye kuchimba makaa. Mwaka 2018 akarudi EPA, hii mara kama mukubwa. Mwaka 2019 akatia sahihi kanuni nyepesi kwa viwanda vya umeme vya makaa. Januari 2021 tribinali ikaivunja.

Je, ni vibaya avoka kubadili kiti? Hapana kila mara. Mwenye kujua mine kwa ndani anaweza kuandika sheria yenye nguvu. Lakini akili ileile inaweza kutafuta tundu la kupitia.

Kule Marekani, wanaolipwa kusema na wakubwa kwa ajili ya sosiete wanaandikishwa, na kila mutu anaweza kusoma majina. Njo vile watu walijua Wheeler ametoka wapi.

Basi mukubwa akifika kupima maji ya mto wetu, tumwulize kwa heshima: baba, jana ulilipwa na nani?