Kifafa na Ukoo: Swali la Daktari Si Swali la Mshenga

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa mficha maradhi kilio humfichua. Usemi huo ulinijia nilipompeleka hospitalini mwanafunzi wangu aliyeanguka kwa kifafa gwarideni. Daktari alimwuliza mamake, "Mama, je, katika ukoo wenu kuna mwingine mwenye maradhi haya?" Mama aliinamisha kichwa, akajibu kuwa hakuna. Tulipotoka nje alinishika mkono, akaninong'oneza: "Mwalimu, ndugu yangu huanguka tangu utotoni. Lakini nina mabinti wawili ambao hawajaolewa."

Sikuweza kumlaumu. Katika jamii zetu nyingi, kabla ya posa kukubaliwa, wazee hupeleleza kama ukoo una kifafa, na jibu moja tu latosha kuvunja uchumba. Hofu hiyo si yetu pekee. Mwaka 1895, jimbo la Connecticut nchini Marekani lilipitisha sheria ya kuwakataza wenye kifafa kuoana, mwanamke akiwa chini ya umri wa miaka 45. Mwaka 1933, utawala wa Hitler nchini Ujerumani ulitunga sheria ya kuwafunga uzazi kwa nguvu watu waliodaiwa kuwa na kifafa cha kurithi.

Je, sayansi yasemaje? Ni kweli kwamba jeni, yaani chembe za urithi, huchangia aina kadhaa za kifafa. Hata hivyo, uchunguzi uliofanywa Minnesota, Marekani, ulionyesha kuwa kati ya watu 100 wenye mzazi, ndugu au mtoto mwenye kifafa, takriban 5 ndio huugua kabla ya kutimiza miaka 40. Miongoni mwa watu wote kwa jumla, ni kama 1 katika 100. Hatari huongezeka, naam, lakini wale 95 hawaugui. Aidha, hitilafu ya jeni yaweza kuzuka upya kwa mtoto ilhali wazazi wake hawana. Na hapa kwetu wengi hupata kifafa kwa sababu zisizohusiana na ukoo: malaria iliyopanda ubongoni, matatizo wakati wa kuzaliwa, majeraha ya kichwa, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyoingia ubongoni.

Basi kwa nini daktari huuliza? Habari za ukoo humsaidia kutambua aina ya kifafa, na aina ndiyo humwongoza katika kuchagua dawa. Kwa mfano, kuna kifafa kikali cha watoto wachanga, kitokanacho na hitilafu ya jeni iitwayo SCN1A, ambacho huzidishwa na baadhi ya dawa zile zile zinazowafaa wagonjwa wengine. Mshenga huuliza apate sababu ya kukataa. Daktari huuliza apate njia ya kutibu. Anayemficha daktari humnyima mwanawe tiba, ilhali kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi wagonjwa 70 katika kila 100 waweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo.

Walimu wenzangu, tunapofundisha urithi kwa njegere za Mendel, tuutaje na ugonjwa huu. Nanyi wanafunzi, mwenzenu akianguka mlazeni ubavu, msimtie kitu kinywani, wala msikimbie mkidhani povu lake laambukiza.

Siku ile nilimsihi yule mama, ambaye ameniruhusu kusimulia haya bila kumtaja, turudi ndani. Alisita mlangoni kwa muda, kisha akabisha.